Bendi ya Mapanki

Hosiana wa mwalo wa Nkome, pale wavuvi wa Ziwa Victoria wanaposhushia samaki, si mtu wa kuchekacheka, na ukimwambia atabasamu atakuuliza kuna nini cha kumchekesha. Anakaanga mapanki. Sangara wanavuliwa hapahapa mbele ya macho yake, wanapelekwa kiwandani kunyofolewa minofu, kisha mifupa na vichwa, ndiyo hayo mapanki, vinarudi kwa lori kuuzwa kwa watu walewale waliowavua. Hilo limemkaa kooni miaka yote, na yeye si wa kumeza maneno.

Shemeji yake Nasibu, mdogo wa marehemu mumewe, alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na gitaa bovu na habari za muziki unaoitwa panki. Hosiana alidhani ni ule mtindo wa kunyoa wa zamani. Nasibu akamweleza: huko Ulaya, zamani, vijana wasio na kazi walipiga vyombo bila kufundishwa na mtu, wakavaa nguo zilizochanika na kuzishikiza kwa pini, wakawatukana wakubwa hadharani.

"Nguo zilizochanika, wanavaa kwa kupenda?" Hosiana akamkata jicho. "Wana wazimu hao. Lakini hayo matusi nifundishe, shemeji."

Basi wakaunda Bendi ya Mapanki. Kupiga walikuwa hawajui, Hosiana alibweka badala ya kuimba, na majirani walikoma.

Donatus, mtendaji wa kata, alisikia jina tu. Akili yake ikamtuma kwamba ni bendi ya kutangaza samaki. Siku ya kufungua soko jipya akawaweka mbele ya wageni kutoka mkoani. Na humo sokoni Hosiana alikuwa keshaahidiwa kizimba chenye paa, baada ya kukaanga juani tangu ujana wake. Alikitaka kizimba hicho mno, asikudanganye mtu.

Nasibu akaliparua gitaa. Hosiana akanguruma:

"Mnofu kala nani? Dhahabu kala nani? Mifupa mmetuachia, na mifupa mnatuuzia!"

Wageni mwanzoni walipiga makofi. Kisha mmoja akaacha, na wengine wakamfuata. Donatus akaamuru jenereta izimwe, akapanda jukwaani jasho likimtoka, akamnong'oneza huku kauma meno: "Mama, usijitilie mchanga kwenye kitumbua chako. Waambie ulikuwa unaimba samaki. Neno moja tu, na kizimba ni chako."

Hosiana akawatazama wageni waliokaa kivulini na soda zao. Mtu mwenye akili zake angesema samaki, akashukuru, akashuka.

"Shikamooni, wageni," akasema bila kipaza sauti, na bado alisikika mpaka kwenye mitumbwi. "Mtendaji anataka niseme nimeimba samaki. Nimewaimba ninyi."

Kizimba alipewa mpwa wa Donatus kabla soda hazijaisha, mtu asiyejua hata kuwasha jiko. Hosiana bado anakaanga juani, na hasira zake ni zilezile.