Mayai ya Mama Mkwe na IC Iliyozeeka

Shule niliishia darasa la tano, lakini pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, nabuni mwenyewe, naunga mwenyewe, na zinafanya kazi kuanzia Nkoma hadi Kimali. Uliza Bariadi yote nani anatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, utaletwa kwangu. Ndiyo maana nilikasirika walipoacha kutengeneza ile IC, kidude cheusi cha miguu minane kinachoongoza umeme kwenye pawa saplai zangu zote. Kilikuwa hakisumbui mtu. Halafu mtu huko kiwandani anaamua tu kimezeeka. Alimuuliza nani?

Cha mwisho kilikufa ndani ya mashine ya mama mkwe, Malampaka, ikiwa imejaa mayai. Nilipofika na mke wangu tukakuta mayai yamefunikwa blanketi, katikati madumu ya maji ya moto. Kwa adabu yetu Wasukuma, mimi mkwilima na mama mkwe hatukai uso kwa uso. Yeye akakaa ndani, mimi uani, mke wangu mlangoni akipitisha maneno ambayo wote tulikuwa tunayasikia.

"Mwambie mkwilima mayai yanapoa."

"Mama anasema mayai yanapoa."

"Mwambie nafunga IC ya kisasa."

"Mwambie jirani alinunua mashine ya dukani. Haijazima hata siku moja."

Hilo lilinichoma. Hiyo IC mpya miguu yake imepangwa kivingine, ikabidi nihamishe njia kwa vipande vya waya. Nikawasha. Ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Ile ya zamani ilibeba mzigo wote kimya kimya. Hii ikiguswa kidogo tu inajiona imezidiwa, inajikata. Ndiyo maendeleo hayo, kututengenezea kitu kioga?

"Mama anauliza, hiyo ya kisasa inafanya kazi kwa kukonyeza?"

Nikang'oa rizista inayopima mzigo, nikaweka ya kipimo kidogo zaidi, ili IC isishtuke mapema. Taa zikatulia. Feni ikazunguka. Mayai yakarudi ndani yakiwa bado na uvuguvugu.

Niliposikia yameanguliwa, karibu yote, nilifunga safari makusudi kwenda Malampaka. Vifaranga vimejaa tenga, vinapiga kelele. Nikakaa uani, nikasubiri neno langu. Likaja kupitia mlangoni, taratibu:

"Mwambie mkwilima, yule jogoo wangu ni hodari."

Jogoo. Kwa hiyo rizista aliifunga jogoo.