Mafurushi ya Mama na Diski Zangu Mbili

Vita vilipokata reli, baba alikuwa kazini Kalemie, sisi tuko Kindu. Treni ikalala. Barua hakupenda kuandika, basi akawa anajirekodi kwenye kaseti na kuwapa wafanyabiashara waliosafiri kwa baiskeli. Kaseti zilifika zimepauka kwa vumbi, na mama alizipangusa kwa ncha ya kitenge kabla ya kuziweka kwenye redio. Baba alifia huko huko kabla njia haijafunguka. Sauti yake ndiyo iliyorudi nyumbani.

Tulipokimbilia msituni upande wa Pangi, mama alifunga mafurushi mawili, langu na la dada yangu. Kila moja alilitia chumvi, kiberiti, mihogo mikavu na kaseti kadhaa. La dada lilinyang'anywa njiani. Langu likatulisha sote.

Niliukumbuka ugawaji ule nikiwa mtu mzima, na nikajiona mwerevu. Umeme wetu hapa Kindu huja kama mgeni asiyetaka kuketi, na kompyuta yangu ya nyumbani ilikuwa nzito. Kabla haijamaliza kufungua kazi, giza. Fundi mmoja wa mjini akanionyesha jinsi ya kuunganisha diski mbili zifanye kazi kama moja. Kila faili hukatwa vipande, hivi huku, vile kule, diski zote mbili zinaandika kwa pamoja. Akanionya kwamba ikifa moja zimekufa zote. Nilicheka. Mashine ilikimbia ajabu! Nikahamishia humo sauti ya baba yote, kisha nikamwambia mama azitupe kaseti, maana zilishaota ukungu.

“Uko hakika?” aliniuliza.

“Nimeigawa mara mbili, mama, kama mafurushi yako.”

Akazichoma pamoja na takataka za uani. Mimi ndiye niliyempa kiberiti.

Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kukaa karibu na mashine, nami nikamfungulia sauti ya baba. Halafu juma moja umeme ulirudi kwa kishindo, diski moja ikalia tik-tik, ikanyamaza. Fundi aliishika, akatikisa kichwa. Methali ya haraka na baraka naijua sana. Ndiyo niliyozoea kuwakemea nayo wanangu.

Ijumaa ikafika. Mama akavuta kiti chake. Nilitamani kusingizia umeme, lakini taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Nikamwambia.

“Si ulisema uligawa mara mbili?”

“Njo vile, mama,” nikakubali.

“Sasa ile ya pili iko wapi?”

“Iko. Lakini iko na vipande tu. Bila mwenzake haiwezi kusema kitu.”

Akatazama mikono yake.

“Mi niliwafungia mafurushi mbili. Kila moja ilikuwa na chumvi yake na kiberiti yake. Ningetia chumvi kwako na kiberiti kwa dada yako, tungekula nini?”

Nikachukua karatasi na kalamu, nikamwomba anitajie yote aliyoyakumbuka, niyaandike yasipotee tena. Mama aliichukua ile karatasi, akaitazama, akairudisha mikononi mwangu polepole.

“Maneno niko nayo, mutoto yangu,” akasema. “Sauti njo nilikuachia wewe.”