Tangazo la Chanjo Lililogeuka Kadi ya Harusi

Mwaka 2013 nilipangiwa kufundisha sekondari moja nje kidogo ya mji wa Kasulu. Nilitoka Morogoro na begi la nguo, godoro, na kompyuta ndogo yenye ufa kwenye kioo. Nilikuwa pia na cheti cha wiki tatu cha kutumia kompyuta, ambacho nilikizungumzia jinsi wengine wanavyozungumzia shahada zao. Shuleni hakukuwa na mwalimu mwingine mwenye kompyuta yake, kwa hiyo kabla mwezi haujaisha nilikuwa mbunifu wa matangazo. Hakuna aliyeniteua. Nilijiteua mwenyewe, nikaupokea uteuzi kwa unyenyekevu.

Kanuni yangu ilikuwa moja tu: kama kitu kipo kwenye kompyuta, kitumike. Kulikuwa na aina nyingi za herufi, na niliona ni dharau kuziacha zikae bure. Ratiba ya mtihani wa kidato cha pili niliizungushia mnyororo wa mananasi. Sehemu iliyobaki wazi niliitazama kama ninavyolitazama daftari la mwanafunzi aliyeruka kurasa, yaani uvivu mtupu, nikaijaza nyota. Mkuu wa shule aliishika ile ratiba kwa mikono miwili, akaigeuza upande huu na upande ule.

"Mwalimu, hii imejaa kweli kweli," alisema.

Nikamshukuru.

Mwaka uliofuata alinijia nesi wa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Heru Juu. Alikuwa mtu wa Iringa, mgeni kama mimi, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa na kikaratasi kimeandikwa kwa mkono: chanjo ya watoto, Alhamisi asubuhi, zahanati.

"Nataka tangazo la kubandika madukani na makanisani," alisema. "Liwe rahisi tu."

"Sista, niachie mimi."

Neno CHANJO nililiandika kwa rangi nyekundu juu ya kijani. Nyekundu ni nzuri na kijani ni nzuri, nikaona zikikaa pamoja uzuri utakuwa mara mbili. Juu yake niliweka KARIBUNI NYOTE kwa herufi nyeusi nene zenye mikia. Pembeni nikapanda mawaridi. Chini nikaweka pete mbili zilizoshikana, kwa maana ya ushirikiano kati ya mama na zahanati. Maana hiyo ilikuwa wazi kabisa kwangu. Nilipofika kwenye siku na mahali, karatasi ilikuwa imebakiza nafasi ya upana wa kidole. Nikaviandika humo kwa herufi za kuchungulia.

Duka la steshenari pale mjini lilikuwa na mashine ya fotokopi isiyojua rangi. Ile nyekundu na ile kijani zote zilitoka kijivu, tena kijivu kimoja, na neno CHANJO likazama kama chumvi kwenye mchuzi. Mimi sikugundua. Nililiona pale pale nilipoliweka, kwa sababu nilijua lipo.

Alhamisi ilipofika nilichukua bodaboda kwenda zahanati kuushuhudia umati wangu. Nilimkuta nesi ameketi na kisanduku chake cha baridi, mbele yake wamama watatu. Hao alikuwa amewaambia mwenyewe kwa mdomo. Tukakaa. Jua likapanda. Kisha kwa mbali kwenye njia ya migombani akatokea bibi mmoja na wanawake wawili nyuma yake, wote wamevaa vitenge vipya, bibi ana kikapu cha maharage kichwani. Hawakuwa na mtoto hata mmoja.

Bibi alishusha kikapu, akatazama huku na huku. "Ubukwe bwa nde?" aliuliza kwa Kiha. Alipoona sisi wageni tumeduwaa, akatutafsiria. "Harusi ni ya nani? Bibi harusi yuko wapi?"

Nesi alinigeukia taratibu. "Mjibu, Mwalimu."

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe unayeoa?"

Wale wamama watatu walicheka mpaka watoto wakaanza kulia. Bibi alitoa tangazo langu kutoka kwenye fundo la kitenge. Mjukuu wake anayesoma alimsomea: karibuni nyote, Alhamisi, zahanati. Maua wameyaona wenyewe, na pete wameziona. Walishangaa kidogo harusi kufanyika zahanati, lakini siku hizi watu wana mambo. Nilipomweleza bibi kwamba ni chanjo, alijishika kichwa. Kichanga cha binti yake kilikuwa nyumbani kwa jirani, nacho kilikuwa hakijachanjwa. Alikiacha makusudi ili kisije kikasumbua sherehe za watu.

Hapo nilitamani ardhi inimeze pamoja na mawaridi yangu.

"Tutarudia baada ya wiki mbili," nesi alisema huku akifunga kisanduku. "Ua moja tu, Mwalimu, nikiliona ua moja tu, naandika mwenyewe kwa mkaa."

Jumamosi yake nilikwenda soko la pale kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako sisi wa nje tulikuwa tukifuata vitenge vya Kongo. Nikiwa bado mbali, katikati ya vumbi na vibanda, niliona kibati cheupe chenye kichwa cha mtu kilichochorwa kwa mstari mmoja mnene, na chini yake neno moja: KINYOZI. Nilijikuta nimelisoma kabla sijaamua kusoma.

Aliyekichora alikuwa ameketi nyuma ya kile kibanda. Alikuwa mzee mwembamba aliyewahi kuchora kuta za maduka kule Uvira, Kongo. Brashi zake alikuwa amezitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi, na vibati alivipata kwa kupasua madebe ya mafuta ya msaada. Nilijitambulisha kama mwalimu na fundi mwenzake. Kwa ushahidi nikatoa tangazo langu mfukoni.

Alilinyoosha juu ya goti. "Mwalimu," alisema, "hii karatasi yako iko na makelele."

Alilibandika ukutani, akanishika mkono, akanitembeza hatua kama thelathini hadi kwa muuza viazi vitamu. "Finya macho. Unaona nini ya kwanza?"

Nilifinya. Niliona mawaridi. Kisha mikia ya herufi. Kisha pete.

"Na chanjo iko wapi?"

"Ipo pale katikati."

"Mimi siione."

Hata mimi sikuiona. Ilinibidi nikiri mbele ya muuza viazi.

Tukarudi ukutani. Alifunika mawaridi kwa kiganja. "Nikitoa hii, mama atapotea njia?" Hapana. Akafunika pete. "Na hii?" Hapana. Aliendelea hivyo mpaka tangazo langu likabaki na maneno matatu, nami nikiwa kama kuku aliyenyonyolewa. Kisha akaomba kreyo, yaani penseli, nikampa. Nyuma ya karatasi ile ile alichora mama amebeba mtoto, mstari mmoja bila kuinua mkono. Chini akaandika CHANJO kwa herufi kubwa, ALHAMISI ndogo kidogo, na ZAHANATI ndogo zaidi. Kilichobaki chote alikiacha cheupe.

"Hapa juu hatuweki kitu?" niliuliza. Kidole changu kilikuwa kinawasha.

"Hapo jicho inapumua."

"Hata nyota moja?"

Alirudi kwenye brashi zake.

Nililiiga kama lilivyo, jeusi juu ya jeupe, na fotokopi haikupata cha kuharibu. Alhamisi ya pili wamama walijaa mpaka kwenye nyasi za nje, na bibi alikuja na kile kichanga mgongoni. Nesi alinionyesha benchi, nikakaa nikawa naandika majina kwenye daftari hadi mchana.

Mkuu wa shule aliliona tangazo hilo dukani, akaniita ofisini. "Safari hii mbona hukufanya kitu?" aliuliza kwa huzuni. Nikaanza kumweleza habari za jicho na kupumua. Akatazama saa. Wiki hiyo kazi ya programu ya mahafali alipewa mwalimu wa kemia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amenunua kompyuta yake. Nilimfuata kumpa ushauri. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua namna ya kuweka kivuli nyuma ya herufi.

Nikavuta kiti, nikamwonyesha. Nilivijua vivuli vyote.