Paa la Mchungaji Lililoshuka Hadi Kiunoni

Mnanijua mimi si mtu wa kuona haya haraka, lakini kuna kanisa moja kule Ruiri ambalo hadi leo nikipita karibu nalo najifanya nasoma ujumbe kwa simu, hata kama simu yenyewe imezima. Wacha niwaambie ukweli leo, maana najua wengine wenu mmeshausikia kwa watu walioongeza chumvi (na sidhani ilihitaji chumvi).

Kazi yangu ni kuchora nyumba kwa kompyuta. Nina kachumba hapo Meru mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na ufundi wangu nilijifunza mwenyewe kwa kuangalia video. Sasa siku moja akaja Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wa kanisa hilo, akiwa na picha kwa simu. Kanisa lilikuwa limekubali kuwajengea nyumba, na yeye alikuwa ameona paa analolitaka: mgongo wake hauko katikati, umesogea mbele, upande wa mbele ni mfupi, na upande wa nyuma ni mrefu unateremka chini, kama mtu aliyevuta blanketi lote upande wake.

"Upepo wa Ruiri unatoka huko nyuma," akaniambia. "Nataka nyumba iupatie mgongo. Na huo upande mrefu utanikingia maji ya mvua. Mwenda, tumehamahama nyumba za watu tangu tuoane. Hii ndiyo yangu. Unaweza?"

Hapo ndipo nilipopotea. Ningesema, "Mama, hiyo sijawahi kuchora, nipe siku mbili." Badala yake nikaegemea kiti nikacheka kidogo, nikasema, "Hiyo? Hiyo ni kazi ya dakika ishirini."

Jamani, paa zote nilizokuwa nimewahi kuchora nilikuwa nachorewa na programu! Mimi nachora kuta, yenyewe inafunika, pande mbili sawasawa kama kitabu kilichofunguliwa kikalazwa kifudifudi, basi. Nilipoiambia programu isogeze mgongo, ikakataa. Nikazima ile sehemu inayofunika yenyewe, nikakamata mgongo kwa mkono, nikauvuta mpaka ukabaki mita tatu kutoka mbele na mita sita kutoka nyuma, mteremko nikauacha digrii thelathini pande zote, nikaangalia nyumba kwa mbele na, Mwathani, Bwana wangu, ilikuwa nzuri! Nikaweka mabati ya rangi ya maruni, nikaweka maua, nikaweka hata gari mlangoni (mchungaji ana pikipiki). Huko nyuma sikuzunguka. Nani huangalia nyumba kwa nyuma?

Picha ya mbele nikaichapisha kubwa, nikaipeleka kanisani, ikabandikwa mlangoni. Wiki nzima watu walipiga picha nayo. Kina mama wa kwaya wakaanza kuniita injinia na mimi sikuwasahihisha, badala yake nikajitolea kuja Jumapili baada ya ibada na projekta, niwatembeze washirika wote ndani ya nyumba.

Jumapili ikafika, kanisa limejaa, hata watu wa Kibirichia waliokuja kutembelea jamaa zao wamebaki. Nikafungua programu pale ukutani, ile hali ya kutembea, ambapo unaingia ndani kama mtu kwa miguu yake. Tukaingia sebuleni. Watu wakapiga makofi. Mchungaji, ambaye ni mrefu sana, anainama kila mlango, akasema, "Bwana asifiwe, hapa nitasimama wima!"

"Sasa nionyeshe jikoni," akasema Mama Mchungaji.

Jikoni iko nyuma. Nikasonga mbele, na dari ikaanza kushuka. Nikasonga tena, ikashuka tena. Kisha ukuta ukawa maruni wote, na mara tukatokea nje tukiwa tunaangalia mawingu. Tulikuwa tumepasua paa kwa kichwa.

"Kompyuta inasumbua kidogo," nikasema (hapo uongo wa pili ukazaliwa).

Mzee mmoja akasimama benchi la nyuma. Ni M'Ikiara, fundi wa kenchi, amepaua nusu ya Ruiri, na huwa haongei kanisani. "Kijana, muga," akanisalimia kwanza. "Huo ukuta wa nyuma una urefu gani?"

Nikaubonyeza. Ikaandikwa ukutani kwa herufi kubwa, kila mtu akasoma: sentimita tisini na saba. Programu ilikuwa imekata ukuta kimyakimya ufuate paa lilipoangukia, ikala madirisha yote mawili, na mlango wa nyuma ukabaki umetokeza juu ya mabati kama jino.

"Hiyo inafika hapa," M'Ikiara akasema, akajishika kiunoni. "Mama atakuwa anapika akiwa amepiga magoti?"

"Ataombea chakula papo hapo!" mtu akajibu, na kanisa likavunjika mbavu.

Na mimi, badala ya kuzima mashine niombe msamaha, nikasema naweza kurekebisha sasa hivi, ni jambo dogo. Nikaenda kwa urefu wa kuta, nikataka kuandika mbili nukta saba, nukta ikakataa kuingia, nikabonyeza. Nyumba ikapanda. Ikapanda mpaka ikatoka kwa picha, kuta za mita ishirini na saba, gari pale chini limekuwa kama kidonge.

"Ni Babeli!" akapiga kelele mama mmoja wa sauti ya pili, na hapo hata mchungaji mwenyewe akakaa chini, akafunika uso kwa Biblia, mabega yanaruka.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Nilimkuta nje baadaye, nikiwa nimebeba projekta kama mtu aliyebeba maiti. Nikaanza, "Mama, nisamehe, ile programu..."

"Wacha programu," Mama Mchungaji akanikatiza. "Kamati ya ujenzi ilitaka mtu mwingine. Ni mimi niliyesema tukupe wewe. Mbona hukuniambia hujui?"

Vicheko vyote vya mle ndani havikuniuma kama hilo swali.

"Kesho asubuhi uende kwa M'Ikiara," akasema. "Ukitoka huko ndiyo uje kwangu."

Nikaenda. Mzee hakunicheka hata kidogo. Alichukua vipande viwili vya mbao, akavisimamisha vikaegemeana, akasogeza kile cha nyuma mbali. "Umeona? Ukiupeleka mgongo mbele, huku nyuma inabidi ulaze paa. Ukikataa kulilaza, linakula ukuta. Hakuna njia ya tatu." Nikarudi kwa kompyuta na kumbe kila upande wa paa una mteremko wake, unauandika peke yake! Mbele nikaacha thelathini, nyuma nikalaza hadi kumi na tisa, ukuta wa jikoni ukainuka ukafika mita mbili na zaidi, madirisha yakarudi. Nikampelekea Mama Mchungaji kwanza, kisha kamati nikawaonyesha mezani, bila projekta, nikianzia nyuma. Wakapitisha, na M'Ikiara ndiye aliyepaua.

Mimi nimeapa. Mwezi uliopita mwalimu mmoja kutoka Kibugu aliniletea picha ya ngazi inayojizungusha kama konokono, akaniuliza kama naweza. Ulimi ukaanza kuniwasha, ninyi mnaujua ulimi wangu. Nikaukunja.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo sijui. Nipe wiki moja nijifunze."

Akachukua picha yake, nikajua nimempoteza. Kisha akavuta kiti akakaa. "Wale wachoraji wengine watatu wameniambia ni kazi ya asubuhi moja," akasema. "Shika kalamu, tuanze na wewe."