Mpwa wa Marehemu

Jumapili baada ya kanisa, Mercyline alimwita jirani yake Sidi aje kutazama filamu, apumzishe kichwa. Sidi akaenda, maana kwake pale Kiembeni hapakukalika tena. Ukutani alikuwa amechorewa alama nyekundu, na kesho yake ndiyo siku aliyoamriwa kuhama.

Filamu ilikuwa ya matapeli wanne watanashati wanaomwibia tajiri almasi zake. Tamu kweli, ingawa ukifika mlangoni umeshaisahau. Sebule nzima ilicheka, naye Sidi alicheka, mpaka tapeli mmoja alipoingia kwenye karamu ya yule tajiri akisalimia kila mtu, na kila mtu akidhani ni mgeni wa mwenzake. Hapo kicheko kilimkauka.

Ndivyo alivyoingia matangani mtu aliyejiita Nguma, mume wa Sidi, Changawa, alipofariki. Alilia kuwashinda watoto wa marehemu! Watu wa Changawa walidhani ni wa upande wa Sidi. Watu wa Sidi walidhani ni wa upande wa Changawa. Na nani angemuuliza mtu anayelia, wewe ni wa nani? Alichota maji, akapanga viti, akashika na mambo ya karatasi, kwani mjane hukaa mkekani na shughuli huachiwa jamaa. Sidi mwenyewe ndiye aliyemwelekeza sanduku lilipo, lenye hati ya kiwanja ndani.

"Mkaza mjomba, tia kidole hapa," Nguma alimwambia kwa upole. "Ni kibali cha maziko."

Akatia. Hata hakutazama. Siku ya tatu Nguma akala, akaaga kwa machozi, na Sidi akamfungia mahamri ya njiani. Mahamri hayo yanamuuma hadi leo. Mahakamani aliambiwa kidole kilichouza kiwanja ni chake, na kweli kilikuwa chake.

Kwenye televisheni matapeli walipanda ndege wakatokomea. Sebule ikapiga makofi. Sidi alishtuka kuona mikono yake nayo inapiga.

"Wajanja hao!" Mercyline alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Na yule tajiri, mjinga ajabu."

"Si mjinga," Sidi alisema. "Alimkaribisha mgeni tu."

Hakuna aliyemsikia. Mercyline alikuwa keshaanza kutafuta filamu nyingine.