Dagaa Kwenye Chujio la Hewa

Mdogo wangu aliponiomba nimbadilishie chujio la hewa ya ndani ya gari lake, nilipaswa kukataa. Ningemwambia alipeleke gereji, naye angelipeleka, na leo nisingekuwa na la kuandika. Badala yake nikasema, "Lete Jumamosi," tena upesi, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuombwa.

Alikuwa ameniaibisha kwenye kipaimara cha binti yake, nyumbani kwake Engutoto. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine. La kwetu, nililolitumikia kama mtunza stoo wa karakana, lilikuwa limepata mwenyewe mpya, nasi tukapewa barua na kushikwa mkono. Yeye upande wake alikuwa amefungua duka la vifaa vya ujenzi, na duka lilikuwa linakwenda. Mbuzi alipoiva, fungu la kaka mkubwa lilikuwa langu. Baba yetu alikwisha kufa, na ndivyo tulivyolelewa kule Kilimanjaro. Mdogo wangu akalichukua sinia lenye fungu hilo, akalipitisha mbele ya pua yangu, akampelekea mfanyabiashara mwenzake. Kisha akasema watu wote wasikie:

"Kaka mpeni mchuzi. Shirika lilipobinafsishwa, walibinafsisha na meno yake."

Watu walicheka mpaka wakashika meza. Yule aliyekuwa akitafuna fungu langu ndiye aliyecheka zaidi.

Mke wake hakucheka. Ndiye aliyemkokota baadaye mpaka kwangu Kimandolu, akiwa na jani la isale mkononi, lile jani refu la kijani ambalo Mchaga akikuletea kuomba radhi humkatalii, hata kama amekuulia ng'ombe. Ukishalipokea, jambo limekwisha, na anayelifufua anajitafutia laana. Nilijua hayo yote tangu utotoni. Nikalipokea kwa mikono miwili, shemeji akafuta machozi, tukanywa chai. Lakini kile kicheko kilibaki masikioni mwangu. Nilikuwa nikikisikia nikinyoa ndevu, nikikisikia kanisani katikati ya mahubiri.

Kwa hiyo aliponiambia kwamba kila akiwasha feni ya gari vumbi linamjia usoni, na kwamba amekwisha nunua chujio jipya mjini, niliona mlango umefunguka.

Shemeji alikuwa akiuza dagaa wa Mwanza sokoni, na magunia yake yalisafiri kwenye buti la gari hilohilo. Nilifikiri hivi: harufu ikitoka, itakuwa tayari na wa kulaumiwa. Nikanunua dagaa kidogo kwa mama mwingine kabisa, nikawaloweka kwenye kopo nyuma ya choo. Ilipofika Jumamosi, hata paka wa jirani alilinusa lile kopo akaenda zake.

Walikuja wote wawili asubuhi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Zima gari, fungua mlango wa abiria."

"Kitabu chake hiki hapa, ila ni Kijapani kitupu."

"Picha hazina kabila," nikamwambia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilitoa vitu vyote kwenye droo ya dashibodi, nikachomoa kamba ndogo ya pembeni inayoizuia isianguke, nikabana kuta zake mbili kwa ndani ikashuka. Nyuma yake kulikuwa na kifuniko chembamba cha plastiki chenye vibanio huku na huku. Nilipokivuta na kutoa chujio la zamani, likaja na majani ya jakaranda, mabawa ya wadudu, na lile vumbi letu laini kama unga.

"Yesu wangu! Ndiyo tunavuta haya?" Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, akichambua mchele wa mke wangu huku akiangalia kila ninachofanya.

"Ndiyo mnavuta, wewe na tajiri wako."

Mdogo wangu akacheka, akanipiga begani, akaniita mzee kwa Kichaga. "Kumbe lile shirika lilikufundisha kitu, meku! Ningejua, ningekuajiri uwe unanipangusia gari."

Alitania tu, sasa naelewa. Siku ile sikusikia utani. Nikacheka naye, nikamwomba aniletee maji ya kunawa, nikamwomba shemeji kitambaa kikavu. Walipoingia ndani, nilichukua lile kopo nyuma ya choo, nikapanga dagaa kwenye mikunjo ya chujio jipya, mmoja mmoja, kama mtu anayepanda vitunguu. Nikalisukuma mahali pake, mshale uliochapwa ubavuni mwake ukielekea chini kama picha ya kitabu inavyotaka, nikafunga kifuniko na kurudisha droo.

"Washa feni," nikamwambia aliporudi na maji. Nilikuwa nimewafunika dagaa kwa karatasi ngumu, hewa ikachukua muda kuwafikia.

"Hewa safi kabisa," akasema. "Mungu akubariki, kaka."

Sitadanganya kwamba niliumia. Nilifurahi kwa majuma. Nilisikia ameosha gari mara kwa mara, ameng'oa mazulia, ameyaanika juani, amemwaga manukato mpaka abiria wakapiga chafya. Yule mfanyabiashara mwenzake alikataa lifti, akasema heri atembee kwa mguu. Nilipoambiwa hilo niliingia chumbani nikacheka peke yangu, nimeziba mdomo kwa mto.

Siku moja nilipita kwake nikamkuta anamfokea mkewe uani, mbele ya majirani. "Magunia yako yamelioza gari langu! Watu wananikimbia kwa ajili yako!" Shemeji alisema magunia yalikuwa makavu. Akaambiwa anyamaze. Kisha akaniangalia, akitegemea kwamba mimi, mkubwa wao, nitasema neno. Nikasema, "Dagaa wana tabia hiyo, shemeji."

Nadhani ni neno hilo lililomfungua macho. Jumamosi iliyofuata alishusha droo mwenyewe. Alikuwa ameona yote kigodani, isipokuwa ile nafasi niliyomtuma kitambaa. Wakaja kwangu pamoja, yeye amebeba chujio juu ya sinia.

"Shemeji," akasema, "dagaa wangu nawauza wakavu. Hawa wameloweshwa."

Mdogo wangu aliniangalia mikono, si uso.

"Isale ulilipokea kwa mikono hiyo?"

"Ulininyima fungu langu," nikasema.

"Nikaja kukuomba radhi. Ukapokea." Akageuka kwa mkewe. "Mama, twende. Hapa hakuna mtu."

Baadaye nilimtuma shangazi yetu ampelekee isale kwa niaba yangu. Akalirudisha limekauka. Alisema mdogo wangu hana ubishi na jani, ila hajui tena nikilitoa nina maana gani, wala yeye akinipa nitalipokeaje. Wazee wa ukoo walisikia, na tangu hapo hakuna aliyeniita kusuluhisha ugomvi wa mtu yeyote.

Mdogo wangu alipougua, niliambiwa na majirani. Alipozikwa kwetu Kilimanjaro, walioitwa kutupa udongo walikuwa mjane, watoto, na binamu zetu. Mimi sikuitwa. Nilisimama nyuma pamoja na wageni.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja. Kwa kukubali ile kazi ya Jumamosi nilimpoteza akiwa hai, miaka mingi kabla hajafa, na sikumpata tena.