Kondoo Kutoka Koboko

Serikali ilipoanguka mwaka 1979, askari walirudi West Nile kwa malori, wengine kwa miguu. Mimi nilikuwa Mvara, kando ya mji wa Arua, nyumbani kwa dada yangu, na digrii ambayo hakuna mtu mjini aliyekuwa na haja nayo. Kazi yangu ilikuwa moja: kuandika maelezo ya shemeji, mume wa dada, fundi baiskeli.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alisingiziwa kuficha sukari, akazuiliwa katika kambi ya jeshi siku kumi na moja. Alirudi na nyayo zilizopasuka kwa viboko. Aliyempiga alimjua, kijana wa Koboko waliyewahi kucheza naye mpira. Lakini siku ya tatu kamanda mwenyewe aliingia, akatazama, akatia saini karatasi iliyokuwa mezani, akasema, "Endeleeni." Wafungwa walioyaona hayo walikuwa watatu. Wenzake wawili hawakutoka hai.

Redio ilitangaza kwamba wakubwa watashtakiwa. Redio siiamini, hata hivyo niliandika kurasa sita. Ilibaki saini ya shemeji tu.

Kabla hajatia, mama wa yule askari aliingia uani akivuta kondoo. Mwanawe alimfuata nyuma, amevaa shati la kiraia lililombana mabega. Tulielewa mara moja. Kwa desturi yetu, aliyeumiza na aliyeumizwa hula ini la kondoo katika sahani moja, na baada ya hapo jambo halitajwi tena. Atakayelitaja huita ugonjwa kwa watoto wake. Dada alikuwa na mapacha wa miezi minne.

"Usile, shemeji," nilisema. "Ukila, na kamanda amepona."

"Kwani kamanda ameleta kondoo?"

"Hajaleta! Ndiyo maana nasema!"

Yule mama akacheka. "Huyu ndiye ya yunivasiti? Mwanangu, kitabu yako iko na dawa ya watoto?"

Nikamgeukia mwanawe. "Nani alikutuma?"

"Mimi iko askari tu. Uliza wakubwa."

"Wako wapi?"

"Walivuka mpaka. Na magari yao."

Nilitaka kumchukia, ila alikuwa akiitazama sufuria ya dada iliyokuwa motoni kama mtu ambaye hajala tangu juzi. Nikajaribu njia nyingine. Nikasema wapatane juu ya kiboko, lakini ile saini ya kamanda waiache nje, isiingie kwenye sahani.

"Maumivu iko mbili?" mama aliniuliza. "Miguu si ni ile ile?"

Miaka yote ya chuo, na mbele yangu mwanamke aliyetembea kutoka Koboko kwa kosa lisilo lake, wakati aliyetoa amri hakupoteza hata kuku.

Kondoo akachinjwa; hao wawili wakala ini, sisi wengine tukapakuliwa nyama. Mimi nilikataa sahani yangu, dada akanuna hadi jioni.

Asubuhi nilizipeleka kurasa sita kibandani kwa shemeji. Alikuwa amechuchumaa, akitafuta tundu la tyubu ndani ya beseni la maji.

"Weka saini tu," nilimwambia. "Huna haja ya kusema neno. Kamanda yule asitoroke hivi hivi."

Aliitoa tyubu majini, akaikausha kwa kitambaa, akaipiga msasa. Hakunitazama.

"Kamanda gani, shemeji?"